Mashine Iliyomkataa Babu

Kompyuta ya shangazi ilikuwa na akili zake timamu mpaka Babu aingie. Hivyo ndivyo tulivyosema wakati ule, tena kwa uhakika wa watu walioshuhudia kwa macho yao. Asubuhi inaandika Kiswahili safi kabisa. Babu akiinama kupita mlango wa nyuma, akavua kofia, akakaa kwenye benchi lake, mashine inapotoka. Unabonyeza A inakupa Q. Unabonyeza W inakupa Z. Herufi M inageuka mkato, na nukta moja inazaa mbili. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Kwetu maneno yaliharibika palepale mzee alipofika.

Shangazi, dada yake baba yangu, alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya shamba moja la mkonge upande wa Kimamba. Shamba lilipouzwa, mwekezaji alikuja na makarani wake, na shangazi akarudi Kilosa mjini na taipureta ya chuma aliyopewa kama ahsante. Miaka ile kila aliyepunguzwa kazi alifungua kitu: genge, saluni, kibanda cha video. Yeye alifungua duka la stationari karibu na soko. Alipiga chapa, alitoa fotokopi, na vyeti vya watu alivifunika kwa nailoni ya moto. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu nasubiri kupangiwa kituo, na serikali haikuwa na haraka na mimi, basi nikawekwa kwenye dirisha la wateja.

Kompyuta tuliitoa Mikumi. Kulikuwa na nyumba ya wageni kando ya barabara kuu ambayo mwenyewe, Mfaransa, alikuwa amechoka nayo akarudi kwao, na msimamizi wake alikuwa anauza kilichobaki: vitanda, vyandarua, jokofu lisilo na mlango, na hiyo kompyuta. Maneno yote ndani yake yalikuwa ya Kifaransa. Kibodi haikuwa ile iliyokuja nayo, maana ya kwanza iliharibiwa na nyani. Msimamizi alitueleza kwa utulivu kwamba nyani waliingia ofisini kwa dirisha wakati Mfaransa anakula, wakapukuchua vibonye vyote kama mahindi, na mmoja akaondoka na kile kirefu cha chini. Kibodi ya sasa ilikuwa ya Kiingereza, na fundi wa palepale Mikumi alikuwa ameifundisha mashine kuitumia.

"Hayo maneno ya juu msihangaike nayo," alisema msimamizi. "Jifunzeni mahali pa kubonyeza. Mimi mwenyewe sijui hata moja na nimeitumia mwaka mzima."

Tuliirudisha Kilosa kwa pikapu, shangazi amepakata kioo chake kimefungwa blanketi, kila shimo anamwambia dereva aende polepole kana kwamba amebeba mgonjwa. Tulipofika aliitandikia kitambaa cha kufuma kwa mkono, cheupe, chenye maua ya waridi pembeni. Kompyuta ikawa imekaribishwa.

Sasa Babu. Babu alikuwa baba mkwe wa shangazi. Mumewe alifariki wangali vijana, lakini ukwe haukufariki. Babu alikuwa mtu wa reli. Maisha yake yote alisimama stesheni na bendera ya kijani na nyekundu, akiruhusu na kukataza. Alipostaafu alibaki kwenye nyumba yake karibu na njia ya reli, kisha Bibi naye akatangulia, na nyumba ikawa kubwa kuliko mtu. Kila asubuhi alitembea mpaka dukani kwetu, akakaa kwenye benchi la ndani, akasoma gazeti la juzi mpaka adhuhuri. Hakuwa na mahali pengine. Hakunywa pombe, bao hakulipenda, na nyumbani kwake hakukuwa na mtu wa kumwamkia. Mzee akikaa peke yake, marahaba yake anampa nani?

Shangazi alimpokea kama alivyofundishwa. Alikulia Vidunda, milimani, katika nyumba ya watu wa kanisa ambako shikamoo ya kukaa si shikamoo. Kwa wateja wa dirishani alikuwa na ruhusa yake mwenyewe; aliwaamkia wazee bila kugeuka, akiongeza, "Mniwie radhi, mikono iko kazini." Lakini baba mkwe ni baba mkwe. Babu akiingia, shangazi aliacha kila kitu, akainuka kwa kujishikilia kwa sababu goti lake lilikuwa bovu, akajifunga khanga vizuri, akapinda magoti macho chini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Mmeamkaje?"

Kisha shangazi akarudi kwenye kiti na kuendelea. Na katika namna alivyoendelea ndiko tatizo letu lilikokaa. Shangazi alikuwa mpiga chapa wa shule ya zamani. Macho yake yalikuwa kwenye karatasi ya mteja, vidole vinajitegemea, na kioo cha kompyuta hakukitazama kabisa. Aliona kutazama kioo ni aibu ya wanafunzi. Kwa hiyo mashine ikipotoka saa tatu, yeye angejua saa nne, karatasi ikitoka kwenye printa.

Waathirika wa kwanza walikuwa watu wa kwao. Kikundi cha wakulima wa maharage kutoka Vidunda kilileta katiba ipigwe chapa, na katibu wao akaichukua ikiwa ndani ya bahasha bila kuisoma, akapanda nayo mlima. Alirudi baada ya mkutano, mpole, amechoka, na vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Dada yangu," alimwambia shangazi, "tumekaa kikao. Wengine wanasema ni Kilatini. Wamemwita mzee mmoja Mkatoliki aliyetumikia misa zamani. Amesoma, amesema si Kilatini anachokijua yeye."

Ukurasa wa kwanza ulikuwa mzuri. Wa pili ulianza na ?zenyekiti na zqnqchq,q zote, na maharage yao yalikuwa ,qhqrqge kuanzia juu mpaka chini. Kilichoniuma mimi ni kwamba walikuwa wameshaipigia kura. Ilipita.

Tukaanza kutafuta ugonjwa. Mimi, kwa kuwa nilisoma, nilisema ni kirusi, ingawa sikujua kirusi kinakaa wapi. Shangazi alisema ni umeme mdogo. Tulisafisha kibodi kwa spiriti na pamba. Tuliipindua tukaitikisa, zikatoka punje za mchele, chawa wa karatasi, na unywele mmoja mgumu wa kahawia ambao tuliamini ni wa nyani, ingawa nyani wale waliivamia kibodi nyingine. Dawa pekee iliyofanya kazi ilikuwa kuizima na kuiwasha. Ikiamka, inaandika vizuri, mpaka kesho yake.

Aliyeunganisha mambo alikuwa fundi cherehani wa barazani kwetu, mtu ambaye miguu yake ilikuwa kazini na mdomo wake kila mahali. Alikaa akitazama mlango wetu wa nyuma siku baada ya siku, kisha akaja dirishani akaniambia kwa sauti ya chini.

"Mwalimu, mbona iko wazi. Ni mzee. Akiingia tu, mashine inakataa."

Nikamwambia aache ujinga. Halafu nikaanza kutazama, nikakuta ni kweli, na nikakasirika, maana hakuna kitu kinachoudhi kama ujinga wenye ushahidi. Babu akija, inapotoka. Babu akienda Kimamba kumwona ndugu yake, mashine inashinda na afya siku nzima. Mara moja tu ilipotoka bila Babu, siku aliyopita kasisi mmoja mstaafu kutoka Berega kumjulia hali shangazi. Hilo hatukulihesabu. Nani angemshuku kasisi?

Shangazi hakutaka kusikia. Lakini wateja walianza kusoma karatasi zao palepale dirishani, neno kwa neno, wakifuata kwa kidole, na wengine waliuliza kama mzee yupo ndani kabla ya kutoa kazi. Hapo ndipo nilipomwona shangazi ameshikika. Duka ndilo lililomlisha. Na baba mkwe humwambii asije. Hata ukitafuta maneno hayapo, lugha haikuyatengeneza.

Haikuhitajika ayaseme. Maneno ya barazani yana miguu, na Babu aliyasikia. Kesho yake hakuja, wala keshokutwa. Mashine ikawa nzima kama imetoka dukani, na hiyo ndiyo iliyotuumiza zaidi. Siku moja nilipotumwa nyanya nilimkuta sokoni, amesimama nyuma ya matenga, kofia mkononi, anatazama duka letu kwa mbali kama alivyokuwa anatazama treni inayochelewa. Nikamwamkia. Akaitika, akaniuliza mashine inaendeleaje. Nikasema inaendelea vizuri. Akasema, "Basi vizuri." Nilirudi bila nyanya.

Nilipomsimulia shangazi alilia waziwazi, mbele ya mteja wa fotokopi. Akaanza kusema afadhali airudie taipureta. Na hapo fundi cherehani, ambaye sidhani kama alikuwa na nia mbaya, akaleta suluhisho.

"Tatizo ni ukubwa," alisema. "Mashine hii imetoka Ulaya, umri wake hatuujui. Mzee akiingia, wote mnaiacha mnamgeukia yeye. Inaona imedharauliwa. Mzee aiamkie tu mara moja, yaishe."

Nikamwuliza kama cherehani yake huwa anaiamkia. Akasema cherehani yake ni ya kununua mpya, anajua siku iliyozaliwa.

Nilidhani Babu akisikia atamchapa bakora. Alifikishiwa habari, nadhani na fundi mwenyewe, na kesho yake asubuhi akaja. Aliingia mlango wa nyuma, akavua kofia. Hakumtazama shangazi. Alikwenda moja kwa moja mbele ya kompyuta, akasimama wima kama yuko stesheni, akasema, "Shikamoo."

Shangazi hakuweza kuinuka. Alijifunika uso kwa khanga akabaki kwenye kiti, na mimi nikageukia ukutani nikasoma kalenda. Baba mkwe wake alikuwa ameamkia sanduku, na sanduku halikuitika. Babu alisubiri kidogo, maana shikamoo isiyoitikiwa ni kitu kibaya hata kama umeitoa kwa jiwe. Printa ikanguruma, kama ilivyokuwa inanguruma yenyewe kila mara. Babu akaona imetosha, akakaa kwenye benchi, akaomba gazeti.

Na mashine haikupotoka. Shangazi alipiga chapa kurasa tano za kadi za mchango wa harusi na kila M ilikuwa M. Fundi cherehani alipita dirishani akinitazama kwa huruma, kama mtu anayemsamehe msomi.

Ikawa ndiyo desturi, msimu mzima wa mvua na zaidi. Kila asubuhi Babu aliiamkia kompyuta, printa ikanguruma, shangazi akiwa amekaa na uso ndani ya khanga mpaka aibu ipite. Wateja walizoea. Wapo waliokuja mapema makusudi waone. Nilichukia kila asubuhi ya miezi ile, nikajichukia na mimi, kwa sababu sikuwa na maelezo bora ya kutoa. Na kulikuwa na jambo lingine ambalo hakuna aliyelisema. Tangu Babu aanze kuiamkia mashine, shangazi alikuwa hamwamkii tena. Angemwamkia saa ngapi? Huwezi kumpa shikamoo mtu ambaye sekunde hiyo hiyo ameitoa kwa kitu chenye kitambaa cha maua.

Kisha printa ikafa kabisa, na tukaita fundi wa kompyuta kutoka Morogoro. Alikuwa kijana mwembamba mwenye begi la vyuma na heshima nyingi. Alipomaliza printa nilimweleza, kwa aibu, ule ugonjwa mwingine. Sikutaja shikamoo. Nilisema tu kwamba herufi hubadilika zenyewe.

"Hazibadiliki zenyewe," alisema. "Humu ndani kuna mipangilio miwili ya kibodi, Kifaransa na Kiingereza. Tazama hapa chini, pembeni ya saa. Inaonyesha EN. Ikibadilika itaandika FR. Kuna vibonye viwili ukivibonyeza pamoja inahama. Mnavibonyeza?"

Tukasema hatuvibonyezi. Akaonyesha: Alt na Shift, kona ya chini, kushoto. Shangazi akaapa kwamba Alt hajawahi kuigusa tangu ainunue mashine, maana hata hajui kazi yake. Kijana akajaribu kukifuta Kifaransa, mashine ikamwomba diski kwa Kifaransa, na hiyo diski ilikuwa imeondoka na Mfaransa. Akakaa akaandika, akamkalisha shangazi akaandika, na mashine ikaonyesha EN wakati wote. Alianza kutazama saa ya basi.

Ndipo Babu akaingia.

Kijana akainuka haraka. "Shikamoo babu." Babu akaitika, akavua kofia, akaanza kuielekea kompyuta. Nikaona uso wa shangazi. Mbele ya mgeni, kijana wa watu kutoka Morogoro, baba mkwe wake anakwenda kuamkia sanduku. Shangazi akaruka kutoka kwenye kiti kabla Babu hajafungua mdomo, akajishikilia, akapinda magoti mpaka chini.

"Shikamoo baba."

Babu akasimama. Akamgeukia kama mtu aliyeitwa jina ambalo hajalisikia siku nyingi. "Marahaba, mwanangu," akasema.

Kijana alikuwa hawatazami. Alikuwa anatazama kona ya kioo.

"Mama," akasema, "rudia."

"Nirudie nini?"

"Kumwamkia mzee."

"Shikamoo hairudiwi," alisema shangazi. "Nimeshampa ya leo."

"Naomba," alisema kijana, akibonyeza vile vibonye viwili ili EN irudi. "Mzee naye atoke, aingie tena."

Babu, ambaye maisha yake yote alitii ishara, akatoka. Akaingia. Shangazi akainuka, na safari hii sote tukautazama mkono wake wa kushoto. Taipureta ya chuma ilikuwa nzito kama kinu. Miaka yote ya Kimamba, akiinuka kwa shughuli zake shangazi alishika meza, lakini bosi akiingia ghafla, aliinuka kwa kuegemea kona ya taipureta. Mkono ulikuwa haujaambiwa kwamba zama zimebadilika. Ulitua kwenye kona ya kibodi, gumba juu ya Alt, kidole cha mwisho juu ya Shift, na goti bovu likafanya mengine. Pale chini, EN ikawa FR.

"Tena," alisema kijana.

Babu akatoka, akaingia. Shikamoo baba. Marahaba, mwanangu. FR ikawa EN. Tena. EN ikawa FR. Fundi cherehani aliacha cherehani akaja dirishani, na nyuma yake wauza nyanya, na nyuma yao watu wasiojua wanatazama nini. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye karatasi za fotokopi. Kijana akamwambia shangazi ajaribu kuegemea kona ya kulia. Akaegemea, na kompyuta ikaandika sifuri nyingi kuvuka ukurasa. Basi kijana akairudisha EN, akachukua kigoda cha jikoni akakiweka kushoto kwa kiti.

"Mama, shika hapa ukiinuka. Hiyo ndiyo dawa. Mzee wetu hana kosa lolote."

Shangazi akakishika, akapinda magoti. Shikamoo baba. Marahaba, mwanangu. Mashine ikabaki EN.

"Imetosha," alisema kijana, akaanza kukusanya vyuma vyake. "Babu, pumzika sasa. Tumemaliza."

Babu alikuwa ameshafika tena mlangoni. Jasho lilikuwa linamtoka, na kofia alikuwa ameishika kifuani.

"Hapana," akasema. "Tujaribu tena kidogo."

Kijana akafungua mdomo amweleze kwamba hakuna cha kujaribu. Nikamkanyaga mguu. Babu akatoka, akasimama nje pale uani kwa muda mrefu kuliko mara zote, tukamsikia anakohoa kusafisha koo, kisha akainama kupita mlango.

Shangazi hakushika kigoda, wala meza. Alikuwa ameshaondoka nyuma ya kompyuta, amekuja mpaka katikati ya duka, akapiga magoti yote mawili sakafuni, na lile bovu, huku khanga inaburuza kwenye vumbi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba," alisema Babu. "Marahaba, mwanangu. Inuka, goti lako linauma."

Alimshika mkono akamwinua. Kisha akaenda kwenye benchi lake, akakaa, akaniuliza kama gazeti la juzi limefika.